Uzi: Umepigwa tochi na hukubaliani na kosa. Ukilipa ile elfu 30, umekiri?

Mlandizi Kwetu · #1
Wakuu, salaam. Tujadili hili bila matusi.

Dereva anasimamishwa. Trafiki anamwonyesha kwenye simu picha iliyopigwa na tochi, kile kifaa cha kupima mwendo, imetumwa WhatsApp na mwenzake aliyejificha kilomita tatu au nne nyuma. Spidi 63 kwenye eneo la 50. Dereva anasema hakuona kibao chochote. Trafiki anaomba leseni, anaingiza namba kwenye mashine, karatasi inatoka na namba ya malipo, shilingi 30,000. "Nenda kalipe, una siku saba."

Hoja yangu: hiyo karatasi ni tuhuma. Kumtia mtu hatiani ni kazi ya hakimu, mwenye sare nyeupe hana mamlaka hayo. Sasa kwa nini karibu kila mtu analipa? Na asiyekubali afanye nini pale pale barabarani, hatua kwa hatua?

Kipusa wa Tabata · #2
Naweka kiti hapa. Wajuzi njooni.

Wakili wa Kijiweni · #3
Mleta uzi uko sahihi kwa sehemu kubwa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo asili yake ni Sheria Namba 30 ya 1973, inamruhusu askari kukupa taarifa ya kosa badala ya kukuburuza mahakamani. Hiyo ndiyo notifikesheni. Ukishapewa una njia mbili: ulipe, shauri liishie hapo, au ukatae na shauri liende mahakamani. Katiba nayo, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu anayetuhumiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa.

Kwa hiyo ukilipa umekubali kosa. Kulipa leo "ili nisichelewe" halafu wiki ijayo unadai hukutenda, hapo umejifungia mlango mwenyewe.

Pale barabarani fanya hivi. Simama upande wa kushoto nje ya lami, washa taa za hatari, zima injini, kaa ndani ya gari. Muulize ni kosa gani na limetendeka wapi. Omba kuona picha yote, usikubali kipande kilichokatwa. Andika jina lake na namba yake ya jeshi. Askari wa vyeo vya chini wana namba inayoanza na herufi halafu tarakimu, kuanzia wakaguzi kwenda juu utaandika jina na cheo. Kisha mwambie kwa sauti ya kawaida: "Sikubali kosa, naomba shauri lipelekwe mahakamani." Ukishasema hivyo, nyamaza. Maneno yanayofuata ndiyo huwaponza watu.

Dereva Semi · #4
Mkuu #3 umeongea vizuri sana, ila umeongelea barabara ya kwenye karatasi. Semi ina tani 28 za mzigo, bosi anapiga simu kila nusu saa, na mahakama iko wilaya uliyopita asubuhi. Kwenda na kurudi siku mbili, nauli, chakula, mahali pa kulala. Hapo shahidi wa polisi hajaomba shauri liahirishwe. Elfu 30 ni rahisi. Watu hawalipi kwa sababu wamekosa, wanalipa kwa sababu wamepiga hesabu.

Nyundo · #5
#4 hiyo ni sababu moja, na siyo kubwa. Sababu kubwa ni leseni. Ukisema "mahakamani", leseni inaingia mfukoni mwa trafiki, au funguo inachomolewa, na mjadala unaishia hapo. Mtu hawezi kudai haki huku gari limezimwa juani na abiria wanapiga kelele.

Wakili wa Kijiweni · #6
#5 kuonyesha leseni ni wajibu wako, hilo halina mjadala. Akiichukua iwe kielelezo, lazima uondoke na maandishi yanayosema ameichukua nani, kituo gani, kwa kosa gani. Funguo ni habari nyingine. Anayedai ana mamlaka ya kuchomoa funguo ya gari zima lisilo na hitilafu ya hatari, atuwekee kifungu hapa. Nasubiri.

Kibao Kimeanguka · #7
Kuna jambo mmeliruka. Mleta uzi kasema kibao hakikuonekana. Kifungu cha 51 kinaweka 50 kwenye maeneo ya makazi. Vibao vya barabara kuu ni kazi ya TANROADS, vya mitaani ni TARURA. Vingi vinaibwa kwa ajili ya chuma chakavu, vingine vinagongwa na malori, vingine vimemezwa na mkaratusi. Kibao cha kuanza kimeng'olewa na cha kumaliza kipo, wewe ulijuaje umeingia? Piga picha mahali kibao kilipotakiwa kuwa, siku hiyo hiyo, na kitu kisichohama kionekane: nguzo ya kilomita, daraja, shule. Ukisubiri mpaka siku ya kesi, utakuta kimerudishwa.

Chuma cha Pua · #8
Nje ya makazi si ni 100 kwa gari ndogo?

Kibao Kimeanguka · #9
Hapana mkuu. 80 ni ya mabasi na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Gari ndogo nje ya makazi haijawekewa namba moja ya jumla, inafuata kibao kilichopo. Ila usishangilie, kosa la kuendesha kwa mwendo wa hatari liko pale pale na halihitaji kibao.

Tochi Mkononi · #10
Niwasaidie kuhusu kifaa, maana naona mnakipigia ramli.

Tochi nyingi za kisasa ni za leza. Mwale wake ni mwembamba, milimita 3 hivi kwa kila mita moja ya umbali. Mita 300 mwale una upana wa sentimita 90, hapo gari moja linatengwa na jingine bila shida. Mita 600 unafika karibu mita 1.8, yaani upana wa Corolla nzima, na kukiwa na msongamano unaweza kugusa gari la jirani. Kwa hiyo kwenye picha kitu cha kwanza kuangalia ni umbali. Spidi baadaye.

Pili, pembe. Trafiki akikaa mbali na ukingo, tochi husoma chini ya mwendo halisi. Gari linalokwenda 60 likipimwa kwa pembe ya nyuzi 20 linasomeka 56. Kwa hiyo kulia "alikaa pembeni" hakukusaidii, pembe inampunja yeye. Kinachokusaidia ni mkono kutikisika mwale ukateleza kutoka kwenye kioo cha mbele kushuka boneti hadi pleti. Hapo umbali unabadilika kwa sababu mwale umehama, na kifaa kinaweza kuuhesabu kama mwendo. Vifaa vizuri hugundua na kutoa alama ya kosa, ila si vyote.

Tatu, tochi zenye kamera huandika juu ya picha tarehe, saa, spidi, umbali na kikomo kilichowekwa. Kikomo hicho kinaingizwa na mtu. Trafiki akihama kutoka eneo la 50 kwenda la 80 bila kubadilisha, kila anayepita ni mkosaji. Na kwenye baadhi ya tochi, alama ya kutoa mbele ya spidi maana yake gari lilikuwa linaondoka, haliji. Ukiona alama hiyo na picha inaonyesha uso wa gari lako, kuna swali hapo.

Kipusa wa Tabata · #11
#10 wewe unafanya kazi upande gani? 😂

Tochi Mkononi · #12
Upande wa hesabu.

Gereji Kwanza · #13
Naongezea kwa fundi. Wengi wanasema "dashibodi ilisoma 50". Spidomita za gari nyingi zimetengenezwa zisome juu kidogo ya mwendo halisi. Kwa kanuni ya kimataifa wanayofuata watengenezaji wengi, haitakiwi kusoma chini, na inaruhusiwa kuzidi kwa asilimia 10 na kilomita 4. Gari linalokwenda 50 halisi linaweza kuonyesha hadi 59. Kwa hiyo dashibodi ikisema 50 na tairi ni za kiwandani, huenda uko 46 au 47.

Shida inaanza ukibadilisha tairi. Gari limekuja na 195/65R15, kipenyo chake ni milimita 634.5. Umevalisha 205/65R15, kipenyo kimekuwa 647.5. Ongezeko ni asilimia 2, kila 100 ya dashibodi imekula nafuu ya kilomita 2. Mkiinua gari na kuvalisha matairi ya matope, nafuu yote inaisha na unaanza kuzidisha bila kujua. Jipimeni kwa GPS ya simu kwenye barabara nyoofu, dakika moja nzima kwa mwendo usiobadilika.

Dereva Semi · #14
#13 hapo nimekupata. Ila hakimu gani atasikiliza habari ya kipenyo cha tairi?

Gereji Kwanza · #15
Nimejibu fizikia, kesi ni ya #3.

Nyundo · #16
Turudi kwenye picha ya WhatsApp. Inakubalika?

Wakili wa Kijiweni · #17
Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, haikatai kielelezo kwa sababu tu ni cha kielektroniki. Lakini inataka mahakama iangalie kilivyotengenezwa, kilivyohifadhiwa na kama kimebaki bila kuguswa. WhatsApp inabana picha na inafuta taarifa za ndani ya faili. Picha ya kwenye simu ya trafiki wa pili ni nakala ya nakala. Ya asili iko kwenye tochi, na shahidi ni yule aliyeishika. Kwa hiyo swali la kumuuliza aliyekusimamisha ni moja: "Wewe uliona gari langu likizidisha?" Akijibu "nimetumiwa", andika jibu hilo na saa.

Siyo kwamba umeshinda. Aliyeshika tochi anaweza kuitwa. Lakini sasa polisi wanahitaji mashahidi wawili na kifaa, kwa ajili ya elfu 30.

Mzee wa Gairo · #18
Ndiyo maana na wao hawapendi kesi. Kila mtu anasema dereva anaogopa mahakama, mimi nasema hata trafiki anaiogopa. Dereva akisisitiza kwa heshima, mara nyingi huambiwa "nenda, siku nyingine punguza mwendo". Hapo hakuna sheria iliyotumika, ni pande mbili zimechoka.

Nyundo · #19
#18 chai hiyo. Mara nyingi kwa takwimu ipi?

Mzee wa Gairo · #20
Kwa takwimu ya kukaa kando ya barabara ya Dodoma nikiuza vitunguu, kijana.

Dalali wa Magari · #21
Kuna sababu ya tatu ambayo hamjaitaja. Mashine ikishaingiza, deni linakaa kwenye TMS, ule mfumo wa polisi wa kuangalia faini. Ukipitisha muda linaongezeka asilimia 25, 30,000 inakuwa 37,500. Sema "nitaenda mahakamani" unavyotaka, mfumo hauna kitufe cha "dereva amekataa". Unasomeka mdaiwa tu. Kituo kinachofuata trafiki anaingiza namba ya gari, anakuta deni, anakuzuia kwa deni ambalo hakimu hajalisikia.

Na wanunuzi wa magari sikilizeni: kabla ya kutoa hela, ingiza namba ya gari TMS. Deni la dereva wa zamani linasoma kwenye pleti. Madeni yakutwe siku ya mkataba na yakatwe kwenye bei. Ukishabadilisha kadi, kumtafuta muuzaji ni kazi ya mwaka mzima.

Wakili wa Kijiweni · #22
#21 umegusa penyewe. Sheria imetoa njia mbili, mfumo umejenga moja. Ukikataa, usiishie kusema kwa mdomo. Andika barua kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, yaani DTO, nakala kwa RTO wa mkoa: namba ya notifikesheni, namba ya gari, tarehe, mahali, maneno "sikubali kosa na naomba nifikishwe mahakamani". Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi na irudi kwako. Trafiki wa mbele akikukuta na deni, mwonyeshe nakala hiyo. Haifuti deni, ila inaonyesha hujakimbia.

Boda wa Mbagala · #23
Na sisi wa pikipiki elfu 30 kwa kosa ni uonevu.

Chuma cha Pua · #24
Boda umelala. Tangu Julai 2021 pikipiki na bajaji ni 10,000 kwa kosa. Anayekuandikia 30,000, mwonyeshe kosa lake mwenyewe.

Boda wa Mbagala · #25
10,000 naijua mkuu. Ila makosa matatu kwa mpigo: kofia ngumu, kioo cha pembeni, abiria wawili. Inarudi pale pale 30,000.

Kipusa wa Tabata · #26
Mishikaki na unalalamika 😂😂

Mama Wawili · #27
Naomba kuuliza. Wanaweza kudai stika ya leseni ya barabara? Na mkanda wa kiti cha nyuma?

Kibao Kimeanguka · #28
#27 ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta. Anayekuuliza leo yuko nyuma ya wakati. Bima ndiyo inaulizwa, na haihitaji stika ya karatasi: anaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, inaonekana hai au imekufa. Hakiki mwenyewe siku unayokata. Ukiona ile bima ndogo (ya mtu wa tatu) ya gari binafsi inauzwa chini ya 118,000 ujue kuna mchezo, maana kiwango cha chini ni 100,000 na VAT ya asilimia 18.

Mkanda: Sura 168 inambana dereva na abiria wa mbele. Abiria wa nyuma wa gari dogo hakutajwa, na wanaharakati wa usalama barabarani wanalilalamikia pengo hilo kila mwaka. Vaa kwa ajili ya roho yako.

Pwani ya Unguja · #29
Jamani na sie mtukumbuke. Hiyo Sura 168 hapa Zanzibar haifanyi kazi. Huku ni Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya 2003, na LATRA yenu, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, hatuna. Mtu anavuka na feri, akisimamishwa anaanza kutaja kifungu cha 51, askari anamtazama tu. Na wageni wanaokodi vespa: leseni ya kwao peke yake haitoshi, wakate kibali cha hapa kabla ya kuwasha chombo.

Likoni Feri · #30
Hamjambo ndugu zangu. Huku Kenya tunalo lile lile kwa sura nyingine. Kanuni za makosa madogo za 2016 zimeweka bei kwa kila kosa. Ukizidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Simu mkononi 2,000. Kukosa pembetatu 3,000. Hiyo 63 kwenye 50 yenu, huku ni 3,000.

Ila kilichotusaidia zaidi ni Katiba ya 2010, ibara ya 49. Ukikamatwa uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, ufikishwe kortini kabla ya saa 24, na kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, hutakiwi kuwekwa rumande. Na polisi mwenye sare lazima avae jina au namba inayoonekana, imo kwenye Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011.

Nyundo · #31
#30 kwa hiyo huko hongo imeisha?

Likoni Feri · #32
Sikusema hivyo, bwana 😄 Matatu zinajua zaidi. Nimesema sheria imeandikwa.

Wakili wa Kijiweni · #33
Kwa upande wetu saa 24 zipo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 32. Kama haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya muda huo na kosa si kubwa, mkuu wa kituo anatakiwa akuachie kwa dhamana. Dhamana ya polisi haiuzwi. Ukiambiwa "weka elfu hamsini ya dhamana", omba risiti uone uso utakavyobadilika.

Dereva Semi · #34
Mmezunguka wee, hakuna aliyetaja elfu tano ya mkononi. Hiyo ndiyo njia ya tatu, na ndiyo inayotumika.

Chuma cha Pua · #35
Basi itaje na jela yake. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inambana anayepokea na anayetoa. Wewe unayepenyeza noti ndani ya leseni umo. Ukiombwa, TAKUKURU ni 113, bure. Na kipimo rahisi: malipo halali ya serikali yana namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na ukiingiza kwenye simu jina la mlipwaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukiambiwa utume kwenye namba ya mtu, hiyo si faini.

Dereva Semi · #36
Asante kwa elimu. Bado bosi anapiga simu.

Gereji Kwanza · #37
Kabla hatujapotea: gari bovu. Trafiki akikuta breki imekufa au tairi imeonyesha nyuzi, kukuzuia usiendelee ni halali, na hata kama una kila karatasi huna hoja. Tairi ina vijinundu ndani ya mifereji, urefu wake ni milimita 1.6. Kashata ya tairi ikilingana na hivyo, badilisha, usingoje kuandikiwa. Taa nayo: beba balbu ya akiba ya taa ya mbele na ya breki. Mtu akiandikiwa Chalinze kwa taa ya breki halafu akaandikiwa tena Morogoro kwa taa ile ile, ubishi wote huo ungeisha kwa balbu ya elfu mbili.

Nyundo · #38
Subiri, hapo ndipo penye swali. Kosa lile lile, siku ile ile, notifikesheni mbili. Halali?

Wakili wa Kijiweni · #39
Kwa maoni yangu hapana, kama hukupewa nafasi ya kutengeneza. Kosa ni moja linaloendelea.

Tochi Mkononi · #40
Napinga. Kila kilomita unayoendesha bila taa ni hatari mpya kwa aliye nyuma yako. Ukishaandikiwa umejua, na umeendelea kwa kujua. La pili ni zito kuliko la kwanza.

Wakili wa Kijiweni · #41
Na spidi je? 63 Mlandizi, 63 Chalinze?

Tochi Mkononi · #42
Hayo ni mawili. Mguu uliukanyaga mara mbili.

Mlandizi Kwetu · #43
Asanteni wakuu. Nimepata barua ya DTO, umbali kwenye picha, na swali la "wewe uliona?". Ila #4, #5, #18 na #21 kila mmoja ana sababu yake kwa nini watu wanalipa, na naona mmoja hajamshinda mwenzake.

Mzee wa Gairo · #44
Yangu ndiyo sahihi.

Boda wa Mbagala · #45
Nirudi kwenye kofia ngumu: abiria akikataa kuvaa, faini ni ya nani, yangu au yake?